Sahani ya Papa Ghorofa ya Tatu

Juzi nilipita uwanja wa Flagey, hapa Brussels, na mifuko ya soko, nikakuta mkahawa mmoja wa pale pembeni umejaza dirisha lake mafuvu ya karatasi, macho yamechorwa maua, meno ya rangirangi. Msichana wa kazi, naye amepakwa uso mweupe na pua nyeusi, alitoka na brashi mkononi akaniuliza kama nataka kuchorwa, ni bure ukinunua kinywaji. Nilimwambia hapana, asante. Nilisema kwa ukali kuliko alivyostahili, na tangu siku ile najiuliza kwa nini, maana yule binti hakuwa na kosa. Ila nyuma yake, mlango ulipofunguka, ilitoka harufu ya ubani, na harufu ile ikanikalisha kwenye benchi la kituo cha basi, mifuko miguuni, mpaka basi langu likaja likaenda bila mimi.

Sina elimu ya kuelezea sikukuu za watu. Shule niliiacha mapema, na ninayoyajua nimeyaokota kazini na kwenye ngazi za majengo niliyokaa. Kwa hiyo nitaandika nilichokiona, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona. Hata hicho nilichoona sina hakika nacho chote. Nilikuwa mtoto, tena mtoto wa kushuku kila mtu.

Tulikaa mtaa wa Ixelles, hapa hapa Brussels, jengo la zamani lenye ngazi za mbao zinazolia ukizikanyaga. Chini alikaa Monsieur Gaston, mzee wa Kibelgiji mwenye mbwa mnene kuliko yeye. Ghorofa ya pili sisi: mama, mdogo wangu Dédé na mimi. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, nyumbani niliitwa Yaya, kama watu wa Lubumbashi wanavyomwita ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume. Papa alikuwa amebaki Lubumbashi. Ilisemekana angetufuata. Juu yetu, ghorofa ya tatu, alikaa mwanamke wa Meksiko aliyeitwa Madame Lupe, mfupi, mwenye msuko mmoja mrefu mgongoni. Alifua nguo kwenye hoteli, na siku za mapumziko alipika vitu ambavyo harufu yake ilikuwa inashuka ngazi na kutuingilia chini ya mlango.

Mwaka wetu wa kwanza Ulaya, majira haya haya ya majani kuanguka, Madame Lupe alinikuta kwenye ngazi narudi shule, akanipa kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Kilikuwa fuvu la sukari, dogo kama ngumi yangu, na kwenye paji la uso limeandikwa YAYA kwa rangi ya waridi. Alikuwa amesikia mama akiniita hivyo. Nilifurahi sana. Nani alikuwa ameshanipa peremende yenye jina? Nililamba kisogo chake kabla hata sijafika mlangoni.

Mama alilishika kwa ncha za vidole.

"Ni nani amekupatia hii kintu?"

"Ni madame wa kule juu."

"Ulikula?"

"Nililamba kidogo tu."

"Ulilamba wapi?"

"Nyuma."

"Yesu wangu! Mutoto alilamba nyuma ya kichwa!"

Akampigia simu Maman Béa wa kanisani kwetu, na Maman Béa hakukawia. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuamsha ghorofa nzima, na aliongoza maombi ya akina mama. Aliliangalia lile fuvu pale kwenye sinki, bila kuligusa.

"Kichwa ya mufu na jina ya mutoto muzima! Maman, hii haiko bonbon. Hii ni convocation. Bamemwita mutoto."

Dédé, ambaye hakuwa ameanza hata shule ya watoto wadogo, alikuwa amesimama kwenye kiti anachungulia. Akasema: "Lakini Yaya haiko jina yake."

Maman Béa akamgeukia mama.

"Mutoto anasema kweli. Ku baptême, pa kubatizwa, ni jina ingine."

"Ni ingine," mama akakubali.

"Donc iliendaka ku adresse ya bure."

Wakacheka mpaka mama akashika meza. Hata hivyo fuvu lilivunjwa kwa kitako cha chupa, likafuatishwa maji ya moto, na kizingiti chetu kikaoshwa kwa maji ya chumvi yaliyoombewa. Nikaambiwa nikimwona yule mama kwenye ngazi niseme bonjour na niendelee kutembea. Maman Béa aliondoka akiangalia juu, kule ghorofa ya tatu, kama mtu anayeangalia mawingu.

Nataka kumtendea haki mama. Kule alikotoka, huandiki jina la mtu aliye hai kwenye kitu cha wafu. Jina lina mwenyewe, na wapo wanaolitafuta. Wala picha huiweki mezani na ua na mshumaa ila mwenye picha amefariki na watu wamekaa kilio. Nataka pia kumtendea haki Madame Lupe. Baadaye sana, nilipokuwa mkubwa na ninapanda kwake bila kuogopa, alinieleza kwamba kwao unampa fuvu lenye jina lake mtu unayempenda. Maana yake, alisema, wote tutafika kule, basi tulambe kwanza. Alisikitika kusikia tulilivunja. Kisha akacheka, kwa sababu herufi zile zilimpa taabu kuziandika.

Nilimwuliza pia sikukuu yenyewe ilitoka wapi. Hakuwa na jibu moja, na hilo lilinifanya nimwamini. Bibi yake kijijini alisema ni ya wazee wa zamani, kabla ya meli za Wahispania, na maua ya manjano ni njia ya wafu kurudi nyumbani kwa siku mbili kula. Padri wa kijiji alisema hapana, ni Watakatifu Wote na siku ya kuwaombea marehemu, ni mambo ya Kanisa, watu wameongeza chakula tu. Shuleni mwalimu alisema ni utamaduni wa taifa, akawashindanisha madarasa nani ana meza nzuri. Na yale maandamano makubwa ya mji mkuu, watu wamejichora nyuso, yeye alipokuwa msichana hakuyaona kabisa. Anasema watu wa sinema waliyabuni, na mji ukaona si vibaya, ukaanza kuyafanya kweli. "Kila mtu aliyeishika aliongeza kidogo chumvi yake," aliniambia. Hata yeye. Hapa Brussels hakupata yale maua ya kwao, kwa hiyo alinunua ya manjano ambayo Wabelgiji hupeleka makaburini wakati wa Toussaint, yaani Watakatifu Wote. Kwenye soko la Jumapili la Gare du Midi, pale stesheni ya treni, yanajaa tele. Ubani alikuwa anapewa na sakristani wa parokia yake.

Bon, nisikimbie. Nilikuwa kwenye mwaka wa kwanza.

Mwaka wa pili mambo yalianza kubadilika kiangazi. Monsieur Gaston alifariki. Nilikuwa kwenye ngazi wanaume wa suti nyeusi walipotoa sanduku lake. Lilikwama kwenye mlango wa chini, wakalazimika kuliinamisha, na mmoja akasema pardon, kama anayemwomba radhi yule aliyemo. Hakuwa na watoto. Mbwa alichukuliwa na gari la manispaa. Kwa siku nyingi niliupita mlango wake mbio.

Kisha simu za Papa zikakoma. Jumapili baada ya kanisa mama alikuwa akikwangua kadi ya simu, anabonyeza namba ndefu, tunapanga foleni, Dédé kwanza. Sasa kadi hazikununuliwa.

"Maman, tutaongea na Papa lini?"

"Réseau ya simu iko mubaya kule."

"Hata Jumapili hii?"

"Yaya, réseau haijue Jumapili."

Alinijibu bila kuniangalia, naye ni mtu wa kuangalia. Nikaanza kumshuku mama yangu. Naliandika hilo kwa taabu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilishuku jinsi alivyoacha kuimba akiosha vyombo. Nilishuku alivyokaa bafuni maji yakimwagika muda mrefu, akatoka nywele kavu. Akina mama wa kanisa walipokuja kuomba naye, aliwaambia anaumwa kichwa, na Maman Béa akamtazama kwa namna niliyoijua, ile ya mawingu.

Halafu nikaona shati. Mama alikuwa na shati moja la Papa, jeupe lenye mistari ya buluu, alilokuja nalo kutoka Lubumbashi kwenye sanduku lake. Siku moja nikarudi shule nikamkuta analipiga pasi. Alilipiga polepole, kola kwanza, halafu mikono. Shati la mwanamume hupigwa pasi ili mwanamume alivae. Mtoto yeyote anajua.

Kesho yake alipika sombe, majani ya muhogo, na samaki wa chumvi, na bukari, ugali wa muhogo, chakula ambacho sisi watoto hatukukipenda na Papa alikipenda kuliko vyote. Kabla ya kutupakulia, alipakua sehemu nzuri, ya kati, kwenye bakuli lenye mfuniko. Kutoka nyuma ya ndoo akatoa chupa ya bia, akaifunga kwenye kipande cha kitenge. Kanisani kwetu bia ni dhambi yenye jina. Mama alikuwa akivuka barabara akiona baa.

"Maman, unaenda wapi?"

"Kutupa bichafu."

"Bichafu tunatupa chini. Weye unapanda juu."

"Una kelele. Kamata devoir yako ya masomo."

Nilisikiliza ngazi. Zililia kuelekea juu. Mlango wa ghorofa ya tatu ukafunguka bila kugongwa, kana kwamba alikuwa anasubiriwa. Mlango ule ule ambao tulikatazwa hata kuutazama.

Alirudi baada ya muda, mikono mitupu, macho mekundu. Alisema juu kuna moshi.

Nilivijumlisha. Shati, sombe, bia, na simu ambazo hazihitajiki tena. Nilikumbuka mume wa mwanamke mmoja wa kanisani, aliyefika Gare du Midi bila makaratasi, akaishi kwenye chumba cha nyuma miezi mingi bila watoto wake kuambiwa, wasije wakaropoka shuleni. Sisi watoto tulijua habari ile yote, kwa sababu wale watoto walipoambiwa waliropoka. Basi nikaelewa. Papa yuko Brussels. Papa amefichwa juu, kwa Madame Lupe, kwa sababu hakuna mtu angefikiri kumtafuta kwa mwanamke ambaye mama hamsalimii. Hata ule uadui nikaona ulikuwa ujanja mtupu. Nikamvulia mama kofia.

Sikumwambia Dédé. Nililala naye kitanda kimoja na siri ile ikinichoma kifuani. Nyayo za juu zilipolia nilikuwa nazihesabia ni za nani: hizi nyepesi ni za Madame Lupe, hizi nzito ni za Papa. Nasema nilizisikia nzito. Leo sijui nilisikia nini.

Siku ya mapumziko ya Toussaint mama alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Wagonjwa hawana sikukuu. Dédé alipolala mchana, nilivaa gauni la kanisani na soksi nyeupe, nikapaka mafuta magoti. Nikachukua bulletin yangu ya shule, maana nilikuwa na alama nzuri za hesabu na Papa alipenda hesabu. Nikapanda nikikanyaga pembeni mwa ngazi, ambako hazilii.

Madame Lupe alifungua. Aliangalia gauni, soksi, karatasi mkononi, na uso wake ukalegea.

"Yaya," alisema. Kifaransa chake kilikuwa cha polepole, changu cha shuleni. "Umekuja kumwona papa yako?"

Basi ni kweli.

"Ndiyo, madame."

"Mama anajua?"

"Ndiyo," nikasema haraka.

"Ingia basi. Yuko pale. Mimi nakuletea chokoleti ya moto."

Akaonyesha upande wa sebule, akaenda jikoni. Moshi ulikuwepo kweli, wa ubani, unapanda taratibu kutoka kwenye sufuria ndogo ya udongo. Meza iliegemezwa ukutani, na juu yake masanduku yaliyopangwa kama ngazi na kufunikwa shuka. Kila kitu kilikuwa cha manjano. Maua yalikuwa kwenye mitungi, kwenye glasi, na petali zake zimemwagwa sakafuni zikafanya mstari kutoka mlangoni hadi mezani. Nilikuwa nimeukanyaga. Nikaondoa mguu.

Papa sikumwona. Nikadhani amejificha, hajui ni mimi. Kulikuwa na mlango mwingine, nikausukuma. Chumba cha kulala: kitanda kimoja, chembamba, kimetandikwa vizuri, msalaba juu yake. Niliinama nikaangalia hata uvunguni. Kulikuwa na viatu vya mwanamke.

"Papa," nikaita kwa sauti ndogo. "Ni mimi, Yaya."

Jikoni kijiko kilikuwa kinagonga sufuria.

Nilirudi sebuleni na ndipo nikaiangalia meza. Nikaliona bakuli letu, mfuniko umeondolewa, sombe imekauka juu. Chupa ya bia imefunguliwa, imejaa, hakuna aliyeinywa. Shati limekunjwa, kola mbele. Na juu ya shati, picha ya Papa kwenye fremu yetu ya plastiki, ile iliyokuwa kabatini mwa mama, amevaa shati hilo hilo, anacheka na mtu asiyeonekana.

Sikuogopa bado. Nilijiambia huenda ni namna yao ya kumkaribisha mgeni. Madame Lupe alikuwa amesema yuko pale. Nikatazama picha zilizobaki, nijue ni wageni gani wengine wamekuja naye. Mwanamke mzee mwenye msuko, kama wa Madame Lupe. Mwanamume mwenye kofia pana. Mtoto mchanga. Wote sikuwajua.

Ya mwisho, karibu kabisa na Papa, bega kwa bega, ilikuwa picha ya Monsieur Gaston. Yupo na mbwa wake mnene mapajani, na mbele yake biskuti za mdalasini na kikombe cha kahawa.

Monsieur Gaston nilimwona akitolewa. Nililiona sanduku linakwama.

Nilisimama pale. Nilimwangalia Monsieur Gaston, nikamwangalia Papa, nikarudi kwa Monsieur Gaston, kama mtu anayerudia hesabu akitumaini jibu litabadilika. Madame Lupe aliingia na kikombe, akaniona, na nadhani alijua pale pale kwamba sikuwa nimeambiwa. Kikombe alikiweka sakafuni. Akapiga magoti, akanishika mabega, akasema maneno mengi kwa lugha yake. Nilimwambia Dédé ataamka. Nikashuka. Mezani nilikuwa nimeacha bulletin yangu, sikumbuki kuiweka.

Mama aliporudi alitukaanga mayai. Nilikula. Sikumwambia kitu, naye hakuniuliza mbona gauni la kanisani liko kitini. Sijui kama Madame Lupe alimwambia. Mpaka leo sijui.

Sababu za yote hayo nilizipata nikiwa mtu mzima, siku moja tukikunja nguo na mama. Mama alikuwa amepigiwa simu na rafiki yake wa Lubumbashi aliyeshindwa kuzuia ulimi: Papa ameanguka kazini, amefariki, wameshamzika. Lakini mke hapewi habari ya mumewe hivyo. Ukoo wa mume ndio unaokuja, watu wanakusanywa kwanza, mkubwa wa ukoo anasema, halafu mke analia. Mkubwa alikuwa Tonton Albert, kaka wa Papa, anayekaa Liège, naye alikuwa amekwenda mazishini na hajarudi. Na ule ukoo ulikuwa tayari unasema mama alimwacha mume wake nyuma akaja kunenepa Ulaya. Kama angelia kabla ya kuambiwa, wangeuliza alijuaje. Na wakishauliza alijuaje, swali linalofuata ni alimfanya nini. Wangeweza kumnyima kilio, na kutuchukua sisi. Kanisani hangeweza kusema, maana wake wa ndugu za Papa waliomba pale pale. Ilibaki ngazi moja ya kupanda.

Jumamosi iliyofuata Tonton Albert alikuja. Mrefu, koti refu, macho ya kupima. Alikuja na wanaume wawili wa ukoo, na Maman Béa akaleta akina mama, akijifanya ni maombi. Viti viliazimwa jengo zima. Meza ilisukumwa ukutani, akina mama wakakaa chini kwenye zulia. Chai ikaletwa, hakuna aliyeinywa. Mama alikaa kwenye kiti katikati, mikono mapajani, uso mtupu kabisa. Mimi nilikaa karibu na redio na nilikuwa namchunguza. Nilijua kwamba anajua. Nilijiambia: sasa nitamwona mama yangu anavyodanganya watu.

Tonton alikohoa. "Bon. Bamaman, bapapa. Munatuona tumekuya. Hatukukuya bure."

Mlango ukagongwa.

Mtu aliyekaa karibu na mlango alifungua, na Madame Lupe akaingia na mkono umejaa maua ya manjano. Sikukuu yake ilikuwa imekwisha, alikuwa anavunja meza yake na kurudishia watu vitu vyao. Kwenye mkono mwingine alishika picha ya Papa.

Akina mama kwenye zulia waligeuza vichwa kuiangalia.

Tonton Albert alinyoosha mkono akaichukua ile picha. Aliangalia uso wa mdogo wake. Akaangalia maua. Akamwangalia mama.

"Photo ya ndugu yangu," alisema polepole. "Inatoka wapi?"

Mama alishika kingo za kiti chake. Maman Béa akaangalia zulia. Mmoja wa wale wanaume akasogeza kiti chake mbele.

"Ni mimi, Tonton," nikasema. Sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Ni mimi nilimupelekea. Cadre ilivunjika. Anajua kutengeneza."

"Weye?"

"Ndiyo, Tonton. Maman hakujua."

Akamgeukia Madame Lupe kwa Kifaransa. "Ni kweli, madame? Mtoto ndiye aliyekuletea?"

Madame Lupe hakujua Kiswahili hata neno, ila cadre, fremu, ni Kifaransa. Aliniangalia mimi, akamwangalia mama kwenye kile kiti. Sijui alisoma nini kwetu.

"Ndiyo, monsieur," alisema. "Fremu. Mtoto."

"Bon," Tonton akasema.

Akaiweka picha magotini, uso juu, na mkono wake juu yake, akasema aliyokuja kusema. Alisema jina lote la Papa, la baba yake na la babu yake, halafu akasema hayupo tena.

Nilikuwa tayari kuona maigizo. Iliyotoka kwa mama sijui niiandikeje. Haikuwa na neno ndani yake. Aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka chini, na sauti ile ikaendelea bila yeye kupumua, na Dédé akaanza kupiga makelele kwa woga, na ng'ambo ya ua mtu akafungua dirisha. Wiki zote zile kule juu alikuwa akilia na kitambaa mdomoni, watoto wasisikie chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki, na ilikuwa nyingi. Nilitambaa mpaka kwake, akanivuta, akanibana chini ya kwapa lake, na pale ndani nami nikalia.

Madame Lupe alikuwa bado kasimama mlangoni na maua yake, hakuna aliyemwambia ingia wala toka. Maman Béa, machozi yakimtiririka, akakusanya kitenge chake akapiga zulia kwa kiganja.

"Ikala, maman. Ikala hapa."

Akakaa. Maua akayapakata, maana hakujua kwetu yanawekwa wapi.

Watu walipotulia kidogo Tonton Albert alisimama kwenda kuiweka picha juu ya kabati. Nilikuwa namfuata kwa macho kutoka chini ya mkono wa mama. Kabla ya kuiweka aliigeuza. Ilikuwa fremu ya plastiki, kipande kimoja, haina kioo, ya aina ambayo ukiidondosha inaruka bila kuvunjika. Pembe zake zilikuwa na vumbi la zamani. Akapitisha kidole gumba nyuma yake, taratibu, kutoka pembe mpaka pembe. Kisha akaisimamisha, akarudi nyuma hatua kuiona kama imenyooka, na akasema kwa sauti ya kusikika na wale wanaume wawili:

"Bameitengeneza muzuri."